Kismayu ya Mbao

Mzamil aliingia kambini asubuhi na kipaza sauti cha betri, akatangaza kwamba wanatafutwa watu wanaojua kukimbia.

Kambi nzima ikacheka. Kama kuna elimu ambayo watu wa kambi ile walikuwa wameihitimu, ni hiyo. Walikuwa Wabajuni wa Kismayu, wa kisiwa cha Koyama na wa vijiji vya mwambao ule, na huu ulikuwa mwaka wao wa tatu tangu vita viwamwage katika uwanja wa vumbi nje ya Mombasa. Wakenya waliwaita Wasomali. Wasomali wenzao, walipokuwa kwao, waliwaita Wakenya. Leo amekuja mtu mwenye miwani ya jua anawaita wasanii, na nani atakataa jina zuri likiletwa mpaka mlangoni?

Kazi ya Mzamil ilikuwa kuwatafutia watu wa filamu chochote walichotaka: ngamia, magari mabovu, maseremala, na sasa binadamu. Akaeleza kwamba Wazungu wanatengeneza filamu kubwa ya kuonyeshwa dunia nzima. Habari yake ni Kismayu ilivyoshambuliwa na watu walivyoukimbia mji. Watakaokwenda watapelekwa kwa lori, watalishwa, watapewa ujira wao na kurudishwa jioni. Kabla hajamaliza, vijana walikuwa wameshaanza kupanga foleni, na akina mama walikuwa wakiulizana nani ana sabuni ya kuazima.

Ibtisam hakusikia chochote baada ya neno filamu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba ambaye, katika banda la video la kambini, alijua kulia kabla mwenye kulia kwenye kioo hajaanza. Alitimua mbio hadi kwenye hema lao, akamkuta mama yake, Kuluthumu, anapeta mchele wa msaada, akamweleza yote kwa pumzi moja.

Kuluthumu alisema yeye hana wazimu. Mtu akikimbia mara moja kwa kunusuru roho yake inatosha, hakuna haja ya kwenda kukimbia tena ili watu watazame huku wakitafuna njugu. Akaendelea kupeta. Kisha mkono ukasimama.

"Kismayu ipi hiyo?" aliuliza.

"Kismayu yetu, mama. Siku ile ile."

Kuluthumu akauweka ungo chini. "Kama ni siku ile, basi mama yangu yumo," alisema. "Nitakwenda nikaone wamemweka wapi."

Mama yake aliitwa Umi. Siku wenye bunduki walipoingia Kismayu, Umi alikuwa hawezi kutembea, kwa hiyo walimchukua juu ya kitanda chake cha kamba, watu wanne, wakaingia naye baharini mpaka maji ya kifua ili wamfikishe kwenye mashua. Bibi yule alikuwa na ulimi. Njia nzima aliwauliza kama wanamzika hai, na waliombeba, pamoja na hofu yote, walicheka. Mashua ilijaa watu kupita kiasi. Mbele ya Burgao, karibu na mpaka wa Kenya, ilipigwa na mawimbi ikapinduka, na Umi akaenda na wengine wengi ambao bahari haikuwarudisha.

Tangu hapo Kuluthumu alikuwa na donda moja lisilopona. Redio zilizungumza juu ya barabara, jangwa na watu waliokufa kwa kiu njiani. Maofisa waliokuja kambini waliuliza kila mtu alitembea siku ngapi. Alipojibu kwamba yeye hakutembea, alikuja kwa bahari, walimtazama kama mtu aliyekuja matembezi. Waliohesabiwa ni waliopita mpakani kwa miguu. Waliozama hawakupita mpaka wowote, kwa hiyo katika hesabu ya dunia hawakuwapo, na Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Kuluthumu hakutaka kulipwa wala kuonewa huruma. Alitaka bahari iwemo ndani ya filamu ile, basi.

Mumewe, Athmani, alitaka jambo jingine kabisa. Huyu alikuwa fundi kalafati, mtu wa kuziba nyufa za mashua kwa pamba na mafuta, na kambi ile haikuwa na chombo hata cha kuogea mtoto. Alikuwa amekaa bure mpaka kukaa kwenyewe kumemchosha. Mzamil alipomsikia anaongea Kisomali safi cha bara, akamtazama na uso wake uliokondeana, alimtoa kwenye foleni papo hapo, akamwambia yeye hatakimbia. Yeye atakuwa mmoja wa wanaokimbiza. Akifanya vizuri siku ya kwanza, atachukuliwa kwa filamu nzima, miezi yote iliyobaki, na kusafiri nao kila watakakokwenda.

Athmani alirudi hemani kifua kikiwa mbele. Mke wake alipouliza amepewa kazi gani, aliona haya kidogo, kisha akajibu, "Ya kukufukuza wewe."

Wakacheka wote watatu, na kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi hema lile likawa na kelele ya watu wenye furaha.

Kesho yake lori liliwashusha kwenye ufuko wa kaskazini ya Mombasa, na mbele yao ikasimama Kismayu.

Ilikuwa ya mbao nyembamba iliyopakwa chokaa. Kuta zilikuwa na madoa ya mvua yaliyochorwa kwa brashi, maduka yalikuwa na vibao vya Kisomali, na msikiti ulikuwa na mnara ulioegemezwa nguzo kwa nyuma usije ukaanguka na upepo. Buchani nyama ilikuwa ya mpira. Wanawake wote wakaanza kusema kwa pamoja. Hapa ndipo sokoni. Hapana, soko ni kule, hapa ni kwa muuza kahawa. Wakashikana mikono wakaonyeshana nyumba zao, na kila mmoja aliiona ya kwake, ingawa fundi aliyezijenga hajawahi kuvuka mto Tana. Bi Dalila, aliyekuwa na duka la kanzu, alikwenda moja kwa moja kwenye mlango fulani akapiga hodi. Mlango ulikuwa wa rangi tu. Mzee Husseini alivua viatu vyake kwenye ngazi ya msikiti kabla ya kugundua kwamba msikiti hauna ndani. Aliulizwa mbona anacheka na machozi yanamtoka, akasema yote mawili ni sawa leo.

Msione ajabu. Mtu aliyenyang'anywa mji wake hata akipewa wa mbao ataupokea kwa mikono miwili, na furaha ile ilikuwa ya kweli. Ibtisam alikuwa hakanyagi chini. Aligusa kila kitu: waya, taa, magurudumu ya kamera, mpaka akakemewa.

Kuluthumu peke yake hakuangalia nyumba. Alikuwa anatafuta bahari. Aliiona nyuma, imegeuziwa mgongo. Kamera zilikuwa zimesimamishwa ufukoni zikitazama bara, na huko bara kumechomekwa miti ya miiba iliyoletwa kwa lori, kukachongwa barabara ya vumbi, kukasimamishwa ngamia wenye mizigo. Upande wa maji kulikuwa na miavuli na meza za chai za wakubwa. Katika mji mzima ule kitu cha kweli kilikuwa bahari, nayo ndiyo waliyoamua kuiacha nje.

Wakapelekwa kwenye hema la nguo. Mama mmoja mwenye sindano mdomoni aliishika leso ya Kuluthumu, akamwashiria aivue. Mzamil akaeleza kwamba leso ni za Kenya, na hii ni Somalia. Kuluthumu alisema leso ile aliinunua Kismayu, dukani kwa Bi Dalila, na Bi Dalila mwenyewe yule pale. Mzamil alisema anamwamini, lakini watazamaji wa ng'ambo hawatamwamini. Wakamvisha shuka refu la kufungwa begani kwa namna ya wanawake wa wafugaji. Alipojitazama hakujijua. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, akajisemea, na akanyamaza kwa sababu alikuwa amekuja kwa jambo kubwa zaidi ya leso.

Mwenye filamu alikuwa mwanamke wa Kizungu, mwembamba, aliyechomwa na jua, na kofia pana. Kwa kuwa jina lake liliwashinda, wakimbizi walimwita Bi Kofia. Alipita akiwakagua, na mbele ya Ibtisam akasimama, akamwinua kidevu, akasema neno. Mzamil alitafsiri kwamba uso huu utapigwa picha kwa karibu. Ibtisam alimshika mama yake mkono kwa nguvu mpaka akamwumiza.

Hapo ndipo alipofika Adnan. Huyu alikuwa Msomali wa Afmadow, mji wa bara, zamani mwalimu, aliyekuwa akiishi ng'ambo tangu vita. Alikuwa ameajiriwa kuhakikisha kila kitu ndani ya filamu ni cha ukweli. Hakuwa mtu mkali, alikuwa mpole na amechoka. Alimtazama Ibtisam, akamwambia Bi Kofia kwa adabu kwamba msichana huyu hafanani na Wasomali, watu watachanganyikiwa. Wakamleta msichana mwingine waliyemtoa Nairobi, na Ibtisam akapelekwa mstari wa nyuma kabisa. Alizaliwa Kismayu, akasoma Kismayu, akachanjwa ndui Kismayu, na sasa ameondolewa kwa kuwa hafanani na Kismayu.

"Usilie," Kuluthumu alimwambia. "Uso wako ni wa kwenu. Wao ndio hawajui kwenu ni wapi."

Maelekezo yalikuwa mepesi. Bomu litalia, pikapu ya wenye bunduki itaingia kutoka kushoto, na watu wote watakimbia na mizigo yao kuelekea barabarani, kwenye miiba na ngamia. Mzamil aliyarudia kwa kipaza sauti mpaka yakamkausha koo. Athmani alikuwa amepanda nyuma ya pikapu, kajitanda kitambaa kichwani, mikononi ana bunduki ya mti iliyopakwa rangi nyeusi. Alikuwa amebadilika hata namna ya kusimama. Walinzi wa filamu walimpisha njia bila kujua kwa nini, na yeye, masikini, alikuwa anaona raha.

Bi Kofia akapaza sauti. Bomu likalia.

Lilikuwa fataki tu na moshi, lakini lililia vizuri mno. Watu waliruka kama waliochomwa, wakageuka wote kwa pamoja, na badala ya kukimbilia miiba wakaja moja kwa moja kwenye kamera, wakazipita, wakapita miavuli, wakaingia baharini. Mzee Husseini alikuwa wa kwanza kulowa. Pikapu ya Athmani iliingia ikakuta mji mtupu, na ngamia wanatafuna.

Watu wakaangua kicheko ndani ya maji, kicheko cha kuvunja mbavu. Mzamil aliwafuata mpaka ukingoni akiwauliza wamekosa nini, kichaka kile pale, hawakioni? Bi Dalila alimjibu kwamba kichaka wamekiona. Miguu ndiyo haikukiona. Mtu wa pwani akiogopa, hukimbilia mashua. Kichakani ataparamia nini?

Wakapewa taulo, wakarudishwa, wakafanya mara ya pili. Safari hii nusu walikwenda barabarani, wakasimama njia panda wakiwatazama wenzao waliokwenda majini, kisha nao wakageuka wakawafuata. Bi Kofia alikaa chini akajifunika uso na kofia yake.

Adnan alikuja kwa hatua za haraka. Aliongea Kisomali ili wote waelewe. Alisema huu si mchezo, kila kosa linachoma ukanda wa filamu, na ukweli ni kwamba watu wa Kismayu walikimbilia bara, hakuna aliyekimbilia baharini.

Kuluthumu akatoka mbele ya wenzake, shuka limemshika miguuni kwa maji. 

"Mwanangu," alimwambia kwa Kisomali kile kile, "hawa wote waliosimama hapa walifikaje Kenya? Walianguka kutoka mbinguni?"

Adnan alijibu kwamba anajua walikuwapo watu wa bahari, lakini walikuwa wachache, na filamu haiwezi kumbeba kila mtu.

Basi Kuluthumu akamweleza. Alimweleza juu ya kitanda cha kamba na watu wanne, juu ya ulimi wa Umi, juu ya mashua na mawimbi ya mbele ya Burgao. Alimwambia kwamba waliozama wana haki ya kuonekana kama waliokufa kwa kiu. Watu nyuma yake walikuwa wameacha kucheka. Adnan alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani yake akaipangusa.

"Eddo," alisema, na neno hilo la Kisomali la kumwita shangazi lilimshtua Kuluthumu kwa upole wake, "baba yangu nilimzika kando ya barabara kwa mikono, bila jembe. Nimekubali kazi hii ili barabara ile ionekane. Usinitake niiondoe."

"Sikutaki uiondoe. Nataka uongeze maji."

Bi Kofia alikuwa amesimama karibu, anamwuliza Mzamil wanasema nini. Mzamil alimtafsiria, kwa kupunguza pilipili. Mama yule hakuwa mbaya. Alimtazama Kuluthumu kwa muda, akamwekea mkono begani, kisha akasema maneno mengi na kuondoka. Mzamil alibaki kutafsiri, na kwa mara ya kwanza alionekana hajui pa kuyatazamisha macho yake.

Alisema Bi Kofia anasikitika sana. Lakini filamu haina mwenye mmoja. Waliotoa fedha zake wanatoka katika nchi zilizopeleka askari Somalia, na mwisho wa hadithi umekwisha kuandikwa: askari wa kigeni wanakuja na magunia ya chakula, wanawakuta watu barabarani, wanawaokoa.

"Sasa mkiingia baharini," alisema Mzamil, "hao askari watawakuta wapi?"

"Hawakutukuta," alijibu Kuluthumu. "Hiyo ndiyo habari yenyewe."

Wakati wa chakula wakubwa walikula chini ya miavuli, wakimbizi walikula maharagwe kwenye kivuli cha msikiti usio na ndani. Athmani aliruhusiwa kula na wenye bunduki, kwenye meza, lakini alichukua sahani yake akaja kukaa karibu na mke wake. Bunduki ya mti aliilaza mchangani.

Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba Mzamil amemwonya. Wakiharibu mara ya tatu, kambi nzima itarudishwa kwenye lori na kuletwa watu wengine, wa bara, wasio na mazoea ya maji. Na yeye kazi yake itakwenda na hao hao. Kisha akamwomba kwa Kibajuni chao, ambamo mtu ni mchu, leo ni yeo na njia ni ndia.

"Mama Ibtisam, mimi nimekaa kambini mpaka nimekuwa si mchu. Yeo nimeamka nina kazi. Wachu wananipisha ndia. Nifanyie hisani hii moya."

 Kuluthumu alimwona mumewe alivyonyoa ndevu kwa uangalifu asubuhi ile, na alivyokuwa anaila sahani yake taratibu, kama mtu mwenye mahali pa kwenda baada ya kula. Alimwonea huruma na akamwonea hasira.

"Na mama yangu?" aliuliza. "Yeye nimwambie nini? Kuwa kazi imepatikana?"

"Mama yako nilimbeba mimi, mguu wa kitanda wa mbele. Wajua wewe." Athmani aliitazama sahani. "Na ndugu yangu Nasrudin alifuata barabara. Alituambia baharini kuna kufa, akapita huko bara na wenzake. Hadi yeo hapana mchu aliyemwona. Kila ndia ilikula wachu, Mama Ibtisam. Wao wataonyesha moya. Sisi tutafanya nini?"

Hilo la Nasrudin lilikuwa halizungumzwi hemani mwao.  Ibtisam, aliyekuwa amelala chali na mkono machoni, aliacha kujifanya amelala.

"Haya," Kuluthumu alisema mwishowe. "Nitakimbilia kichaka. Kwa ajili yako, si kwa ajili yao."

Akainuka akaenda kwa mwanamke mmoja mmoja, akawaomba. Wengine walimkatalia kwanza, Bi Dalila akamwuliza kama amehongwa. Kuluthumu alisema hajahongwa, ameolewa, na kicheko kilichofuata kilimaliza ubishi. Wakakubaliana. Wakafunga mashuka yao vizuri na kuyakazia macho miiba, ili miguu isipate pa kudanganyikia.

Jua lilikuwa limelala kidogo, na Bi Kofia alipenda mwanga ule. Kila mtu akaambiwa hii ndiyo, hakuna nyingine. Wapishi waliacha sufuria zao wakaja kutazama. Ibtisam alikuwa anatetemeka kwa hamu, ingawa alijua hakuna atakayemwona huko nyuma alikowekwa.

Bomu likalia, na safari hii walikimbia kama walivyoombwa.

Walikimbia vizuri ajabu. Mji wote wa mbao ulimwagika kuelekea barabarani, watoto migongoni, mabunda vichwani, ngamia wakashtuka na kulia wenyewe bila kufundishwa, vumbi likapanda la dhahabu. Bi Kofia alikuwa amekunja ngumi zote mbili kwa furaha. Mzamil alinong'ona alhamdulillahi. Pikapu ikatoka kushoto kwa kasi, na juu yake Athmani, bunduki hewani. Alitakiwa ajifanye anapiga risasi juu, na kucheka.

Hakucheka. Kutoka juu ya pikapu ile aliona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa juu. Aliona migongo. Aliuona mgongo wa mke wake, na nyuma yake kidogo wa binti yake, inaingia kwenye vumbi la barabara inayokwenda bara. Na fundi huyu, aliyejua fika kwamba miiba ile imechomekwa jana na barabara ile inaishia nyuma ya jiko la wapishi, akasahau kila kitu.

"Si huko!" alipiga ukelele kwa Kibajuni. "Mama Ibtisam, si huko! Rudi! Kwa pwani, enyi wachu! Kwa pwani!"

Aliitupa bunduki. Aliruka kutoka kwenye pikapu iliyokuwa bado inakwenda, akaanguka, akainuka na goti linachuruzika damu, akawakimbilia mikono imetanda kama mtu anayerudisha mbuzi. Alimshika mke wake, akamgeuza. Alimshika Ibtisam. Kuluthumu alimtazama usoni akaona kwamba mumewe hayuko kwenye filamu tena, na yeye pia hakuwamo.

"Kwa pwani!" akaitikia, na sauti yake ikaenda kama kengele, na watu waliokuwa wamekazana kuidanganya miguu yao tangu mchana wakaiachia.

Waligeuka wote. Walikuja mbio kwenye kamera, lakini si kwa kuchekesha kama asubuhi. Meza za chai zilikwenda chini, miavuli ilikwenda chini, Bi Kofia aliruka pembeni kofia ikabaki chini ya nyayo. Mpiga picha alikuwa amezubaa, kamera yake inatazama barabara tupu na vumbi linalotulia. Adnan ndiye aliyemfikia. Alimshika mabega kwa nguvu, akamgeuza mtu pamoja na mashine yake kuelekea baharini.

"Huku," alimwambia. "Piga huku. Usisimamishe."

Watu waliingia majini na vishindo. Waliwainua watoto mabegani, wakashikana viuno, wenye nguvu wakatangulia kupima kina na kuwaita wengine. Wawili walimpakata Mzee Husseini baina yao, maana maji yalikuwa yanamfika kidevuni, naye alikuwa anawahimiza wao. Hapakuwa na mashua. Walisimama mahali mashua ingesimama, maji ya kifua, wakatazama nyuma kama kuna aliyebaki, na kwa kuwa kila mtu anajua nani alibaki, wakaanza kuita. Bi Dalila alimwita mwanawe. Mwingine akamwita mume. Majina yakaruka juu ya maji kutoka kila upande, mengine yalikuwa hayajatamkwa kwa sauti tangu siku ile, na katika kuyaita watu walikuwa wanalia na nyuso zao zinang'aa, kama wanaopokea wageni.

"Mama!" Kuluthumu aliita. "Mama Umi!"

Ibtisam, kando yake, alimwita bibi yake kwa sauti ile ile. Uso wake ulikuwa umelowa na nywele zimemshika shavuni, na kamera ilikuwa inamtazama moja kwa moja, lakini yeye hakujua. Athmani alifika wa mwisho, hana bunduki wala kitambaa, akasimama baina yao. Aliita mara moja tu, akielekea bara. Alimwita Nasrudin.

Ufukoni Bi Kofia alimwuliza Adnan watu wale wanaimba nini. Adnan alimwambia hawaimbi, wanaita maiti wao.  Mpiga picha alimtazama Bi Kofia akingoja amri ya kusimamisha, naye akatikisa kichwa, basi mashine ikaendelea kuzunguka mpaka ukanda ukaisha ndani yake. Kama wakubwa wa ng'ambo waliuweka au waliutupa, hayo ni mambo ya mikasi yao. Mimi nasema kilichotokea.

Mzamil alikuwa ameshika kichwa. Aliiokota bunduki ya mti, akaikung'uta mchanga, akasema kwa huzuni ya kweli kwamba Athmani amejifukuza kazi mwenyewe, na kazi nzuri kama ile haitarudi. Kisha akasogea mpaka ukingoni, kipaza sauti mdomoni, akawatangazia kwamba picha imekwisha, shukrani kwa wote, lori linangoja, tokeni sasa.

Hakuna aliyetoka. Akarudia.

Kuluthumu aligeuka. Mkono mmoja ulikuwa umemshika mumewe, wa pili binti yake, na maji yalikuwa yanawasukuma taratibu wote watatu. Hakuwa na hasira hata chembe. Alimjibu kama anavyojibiwa nahodha mwenye haraka.

"Ngoja kidogo, baba. Hawajatimia."

Mzamil akaangalia saa yake, akaangalia lori, kisha akavua viatu akaketi mchangani kungoja.